Sehemu Isiyotakiwa

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndipo shida ilipoanza. Baba alikuwa kibarua wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba. Gurudumu la trela lilipomkanyaga mguu, kazi ikaisha, na nyumba ikaisha pamoja na kazi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikuwa ametufikisha kwenye kugawanya, na mpaka leo sijawahi kugawanya kwa karatasi. Ninagawanya kwa macho, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa ndugu zangu.

Sitawachosha na njaa. Kila mzee wa rika langu ana njaa yake ya kusimulia na zote zinafanana. Nilichuma kahawa, nikauza mananasi kando ya barabara Thika, nikasukuma mkokoteni, nikabeba mawe ya mjengo mpaka fundi mmoja akachoka kunifukuza, akanifundisha kushika mwiko. Watu husema shule ndiyo humjenga mtu. Mimi nimejenga shule mbili na choo cha ya tatu, na hakuna hata moja iliyonijenga.

Nilichojifunza vizuri ni ardhi. Miaka ile wazee walikuwa wananunua mashamba ya wazungu kwa hisa na kugawana kwa kura, nami nilikuwa na hisa moja. Siku ya kura niliingiza mkono kwenye debe nikatoa kikaratasi chenye namba. Karani akatandaza ramani kubwa kama shuka ya kitanda, akatafuta kisanduku changu huko Gitothua, akakipaka rangi kwa kalamu ya kijani. Akaniambia, "Hii sasa ni yako." Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia maneno hayo kuhusu kitu chochote. Kwa hivyo mimi najua rangi kwenye ramani ni ya nini, na nilijua kabla yule mwalimu wa hesabu ninayetaka kuwaeleza habari zake hajazaliwa.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, anaishi nasi Gitothua kwa sababu wazazi wake wanafanya kazi za zamu kiwandani Thika, na kule kwao hakuna mtu wa kumwambia aweke simu chini. Kwa desturi yetu amepewa jina la nyanya yake, kwa hivyo katika mzaha wa nyumbani yeye ni mke wangu. Namwita hivyo mbele ya watu, naye huniita bwana yangu akitaka kitu, na Guka, yaani babu, siku nyingine zote.

Alikuwa kidato cha nne, na alikuwa ameamua kusomea upimaji wa ardhi. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Maisha yangu yote nimewapikia wapimaji, nimewashikia utepe kwenye mvua, na kila mmoja wao alikuja na bikoni, lile jiwe la mpaka, akaondoka na mbuzi. Nilitaka mpimaji mmoja wa ndani ya nyumba. Lakini chuo kilitaka gredi C ya hesabu, na yeye alikuwa analeta D, muhula baada ya muhula, D imesimama wima kama askari wa lango. Masomo mengine alikuwa sawa. Mwalimu wake wa shule aliniambia kinachomwangusha ni hesabu za kutolingana, hasa lile swali la grafu lenye alama nyingi. Akilipata hilo, C iko. Asipolipata, hakuna chuo, ataenda kusuka nywele kwenye saluni ya shangazi yake. Sina ubaya na saluni. Ila katika ukoo wetu wa kusuka tayari yupo, wa kupima hayupo.

Nikauliza hizo hesabu za kutolingana ni za namna gani, maana mimi na mwenye shamba la kahawa hatukulingana hata siku moja na sikuhitaji penseli kujua. Mwalimu akasema ndiyo hizo hizo, lakini zina x.

Mpangaji wangu mmoja akanipa namba ya kijana wa chuo kikuu, anakaa hosteli za Kahawa Wendani, anasomea ualimu wa hesabu na hufundisha tuisheni Jumamosi. Nikampigia mwenyewe. Nikamwambia aje amfundishe mke wangu hesabu. Akauliza kwa adabu, mama alifika darasa la ngapi? Nikasema amefika, wewe kuja tu.

Jumamosi akaja. Kijana mrefu, mwembamba, mtu wa upande wa Kakamega, amevaa shati lililopigwa pasi mbele tu. Akatoa kwenye begi kitabu cha watoto chenye picha za ndizi, akavuta kiti mbele ya mke wangu, akainama kidogo kama mtu anayempa pole.

"Mama, usiogope. Tutaanza polepole na kujumlisha."

"Kujumlisha najua," mke wangu akamwambia. "Nimejumlisha uongo wa huyu mzee tangu tuoane. Mwanafunzi ni yule pale anayecheka."

Kitabu cha ndizi kilirudi begini na sijakiona tena.

Sasa, kwangu kijana hakai mezani na msichana wawili peke yao, hata kama katikati yao kuna hesabu. Mlango uliachwa wazi, nami nikaweka kiti changu kati ya meza na mlango. Sikukaa pale kusoma. Nilikaa kama askari wa benki, ambaye pesa zikipita yeye anaangalia watu. Lakini huwezi kuliambia sikio lisisikie.

Akaandika x. Nikauliza x ni nani. Akasema ni namba ambayo bado hatuijui. Nikauliza, kama hatuijui, tumeiandika ya nini? Mjukuu akasema, "Guka, wewe ni askari." Nikarudisha macho mlangoni.

Mwalimu akaeleza ile alama kama mdomo, kwamba upande uliofunguka unatazama kilicho kikubwa. Hiyo niliikubali mara moja, nimeishi na midomo. Kisha akasema kwamba ukizidisha pande zote mbili kwa namba hasi, mdomo unageuka. Hapo nikasimama. Nimeona vitu vingi vikigeuka, wanasiasa, maziwa, shemeji, lakini vyote vilikuwa na sababu. Akasema, tatu ni ndogo kuliko tano, lakini hasi tatu ni kubwa kuliko hasi tano. Mjukuu akaitikia ndiyo ndiyo, kwa sauti ile ya mtu ambaye ameambiwa jambo mara nyingi na anaona aibu kusema halijaingia. Akapewa hesabu afanye. Mdomo haukugeuka. Akapewa nyingine. Mdomo ukageuka mahali ambapo haukutakiwa kugeuka.

Mimi nikawaza choo. Nimechimba vyoo vya shimo vingi kuliko watu wengi wa Ruiru walivyovitembelea. Ukipanda ngazi, futi thelathini iko juu ya futi ishirini. Ukishuka shimoni, futi thelathini iko chini ya ishirini. Namba ni zile zile. Nikamwuliza mwalimu kama hasi ni kwenda chini ya ardhi. Akafikiria, akasema ndiyo, unaweza kusema hivyo.

"Basi sema choo," nikamwambia. "Mtoto ataelewa."

Akasema choo. Mtoto akaelewa. Kuanzia siku hiyo mdomo uligeuka mahali pake, na mwalimu akacheka akasema hilo la choo atalitumia akienda mazoezi ya kufundisha. Mimi nikavimba kichwa. Jumamosi iliyofuata kiti changu hakikuwa mlangoni. Nilikuwa nimekisogeza mpaka mezani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku hiyo ilikuwa ya grafu. Mwalimu akachora mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka, wa tatu umelala, akaeleza sharti la kila mmoja. Kisha akatafuta sehemu inayotimiza masharti yote, akaipata. Ilikuwa safi, ya pembe tatu, kama ploti ya kona. Nikangoja aipake rangi. Akachukua penseli, akapaka nje yake. Akapaka huku, akapaka kule, akachafua karatasi nzima na kuiacha ile pembe tatu nyeupe.

"Mwalimu," nikamwambia, "umepaka mashamba ya wenyewe."

"Hapana, mzee. Tunapaka sehemu isiyotakiwa. Inayotakiwa inabaki wazi."

"Nani anapaka rangi kitu asichokitaka?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Kenya, mzee. Ndivyo mtihani wetu unavyotaka."

Nikaenda kabatini nikaleta ramani yangu, ile yenye kisanduku cha kijani. Nikaitandaza juu ya grafu yake. Akaitazama kwa heshima kwa muda mrefu, kisha akasema hiyo ni jiografia.

Akajaribu kunieleza. Alisema masharti ni mengi, na ukipaka unachotaka kwa kila mstari, vivuli vinapandana na mwishowe huoni kitu. Ukipaka usichotaka, jibu linajitokeza lenyewe. Nikamwambia hiyo ni shida ya kuwa na penseli moja, anunue rangi tofauti. Alisema watahiniwa hawaruhusiwi. Nikamwambia basi waliotunga mtihani hawajawahi kumiliki hata kaburi. Mjukuu alikuwa ameshika kichwa. Mke wangu alituita tule, si kwa sababu chakula kilikuwa tayari.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea Jumamosi kadhaa. Mwalimu alifundisha asubuhi. Akishatoka getini, mimi nilifundisha upya. Nilikuwa nampeleka mtoto uani, namwonyesha ua, namwuliza: hii ni ya nani? Yetu. Ile ya pili? Ya jirani. Unaweza kwenda kupaka rangi kwa jirani na ya kwetu ukaiacha? Hapana, Guka. Basi.

Ukaja mtihani wa majaribio. Swali la grafu lilikuwamo. Mjukuu alichora mistari sawasawa, akapata pembe tatu yenyewe hasa, akaipaka vizuri kabisa bila kutoka nje hata kidogo. Alama za sehemu ile zikaenda zote. Akaleta D, lakini sasa ilikuwa na alama ya kujumlisha pembeni, kama cheti cha tabia njema. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki chache.

Mwalimu alipokuja aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akaigeuza, akaisoma tena, akaiweka mezani mbele yangu, si mbele ya mtoto.

"Mzee, huyu mtoto anajua hesabu. Anayemwangusha ni wewe. Mwalimu ni mmoja. Chagua."

Nikamwambia nyumba ni yangu. Akasema ndiyo, nyumba ni yako. Akachukua begi lake akatoka, na githeri ilikuwa mezani imefunikwa. Kwa mtu wa kwao kuacha chakula kilichopakuliwa, mjue alikuwa amekasirika. Mke wangu alimfuata mpaka getini na kopo la githeri hiyo, nikawaona wanaongea, nikaona kijana anatikisa kichwa, na kopo analipokea. Mke wangu aliporudi hakusema nami mchana wote. Jioni tu alisema kwamba saluni huwa inahitaji pia mtu wa kufagia nywele, kwa hivyo mimi na mtoto tungeweza kwenda wote wawili.

Mtoto naye hakulia. Afadhali angelia. Alifunga vitabu vya hesabu kwa kamba, akaviweka juu ya kabati, akaanza kumsuka nyanya yake kama mtu anayefanya mazoezi ya kazi.

Kwenye ukuta wa sebule yangu kuna picha ya duka langu la vifaa vya ujenzi, lililokuwa kando ya barabara kuu pale Ruiru. Ilipigwa siku chache kabla barabara haijapanuliwa na tingatinga halijapita. Duka linaonekana lote, mabati, misumari, mimi mwenyewe nimesimama mbele nikiwa na nywele, na nyuma yangu ukutani kuna X kubwa nyekundu. Naipenda picha hiyo kwa sababu inaonyesha nilikuwa na duka. X nilishaacha kuiona.

Mjukuu alikuwa amekaa chini yake, kichwa cha nyanya yake mapajani, kitana mkononi.

"Guka, hii X waliipaka kina nani?"

"Watu wa barabara."

"Walipaka maduka yote?"

"Yale tu yaliyoingia kwenye barabara. Ya kubomolewa."

"Na yale ambayo hawakutaka kubomoa?"

"Hayo hawakuyapaka. Yalibaki..."

Nikasimama hapo. Neno lililokuwa linafuata nililiona linakuja, likiwa na sauti ya yule kijana wa Kakamega. Mtoto hakucheka. Aliendelea kusuka, kichwa ameinamisha, akanipa nafasi. Mke wangu ndiye aliyemalizia.

"Yalibaki wazi," akasema, macho amefumba.

Nilikunywa chai yangu yote pale, na haikuwa na sukari, na sikusema haina sukari.

Jumatatu nilienda Kahawa Wendani. Nilivaa kofia na koti. Hosteli zile zimesongamana, kila ngazi ina vijana, kila kijana ana ndala. Mmoja akaniambia, "Niaje mzee, unatafuta keja?" Nikamwambia nyumba ninazo, natafuta mwalimu. Wakanielekeza juu, na nikahesabu njiani nyufa tatu ambazo fundi aliyejenga pale angepaswa kufungwa kwazo. Nikampata anafua suruali kwenye beseni, kwenye kibaraza.

Sikuwa nimeenda kuomba msamaha. Sijui unavyoombwa, sikufika darasa hilo. Nikasimama, nikatazama suruali.

"Jumamosi kuna kuku," nikamwambia.

Akakamua mguu mmoja wa suruali. "Kuku gani?"

"Jogoo. Wa kienyeji."

"Mzima?"

"Mzima."

Akakamua mguu wa pili, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima. "Na kiti chako, mzee?"

"Kitakuwa mlangoni."

"Nje ya mlango."

"Huko kuna jua."

Tukapatana kwenye kizingiti. Miguu miwili ya kiti ndani, miwili nje. Na maneno yangu yote nje.

Kabla sijashuka nikamweleza habari ya X. Alisikiliza akiwa na sabuni mkononi. Akaniuliza kwa nini hizo siku zote sikuwa nimemwambia nilibomolewa duka. Nikamwambia hakuuliza, alikuwa anauliza x ile ndogo.

Zile Jumamosi zilizobaki niliketi kwenye kizingiti na kuangalia kuku wakipungua. Mwalimu alimwambia mtoto kwamba kabla ya kupaka kivuli, kila upande wa mstari ajiulize: huu unavunjwa au unaachwa? Unaovunjwa, aweke X ndogo. Akimaliza mistari yote ndipo apake penye X. Nilimsikia mtoto akihesabu kwa sauti ya chini: huu unavunjwa, huu unavunjwa, huu unaachwa. Mara moja alikosea, akaweka X upande wa ploti. Nilikohoa. Mwalimu akageuka kunitazama, nikaangalia mawingu. Mtoto akafuta.

Siku ya mtihani wa hesabu nilimngoja nje ya lango la shule pamoja na wazazi wengine waliokuwa na magari. Alipotoka sikumwuliza mtihani ulikuwaje. Nilimwuliza alipaka wapi.

"Nilibomoa zote, Guka. Nikaacha moja."

Matokeo yalipotoka alikuwa na C. C tupu, bila kitu pembeni. Wazazi wengine kanisani walikuwa wanataja A za watoto wao kwa sauti ndogo ya unyenyekevu. Mimi niliitaja C yetu kwa sauti kubwa, na mchungaji akaniuliza kama kuna tangazo.

Mwaka huo huo akaingia chuo. Likizo ya kwanza alirudi na mwenzake mmoja wa darasa, na chombo cha kupimia kimefungwa kwenye sanduku kama mtoto mchanga, akaomba afanyie mazoezi kwenye ploti yetu. Nikamwambia apime tu, hapo hakuna la kupata, bikoni zile ziliwekwa mbele ya macho yangu na mpimaji aliyekula mbuzi wangu. Wakapima asubuhi yote. Upande wa kulia sawa. Nyuma sawa. Upande wa kushoto wakapima, wakanong'onezana, wakapima.

"Guka, bikoni hii iliwekwa vibaya tangu siku ya kwanza. Ukuta wako umeingia kwa jirani. Hatua moja hivi."

"Pima tena."

Akapima tena.

"Tena."

"Nitapima mpaka jioni, Guka, na itakuwa pale pale. Sasa wewe unataka mpimaji, ama unataka yule wa mbuzi?"

Jirani wa upande huo ni mama mmoja mjane, mtu mkimya, na alikuwa upande wake wa ukuta akisikia kila neno. Akauliza kutoka huko kama wapimaji wangependa chai. Nikatazama kile chombo. Nikamtazama yule mtoto, amesimama na kofia yangu kichwani, hajainama wala hajaomba radhi, anangoja nijibu kama vile wapimaji wote walivyokuwa wakiningojea, isipokuwa yeye hakuwa anangoja mbuzi. Hiki ndicho nilichokuwa nimekitafuta. Kilikuwa kimekuja na kimeanza na mimi.

Ukuta niliubomoa mwenyewe, na nikaujenga mwenyewe, kwa mwiko wangu. Vijana wa mjengo walitaka kunisaidia nikawakataza.

Leo nina hivi. Ploti moja Gitothua, futi hamsini kwa mia kamili, wala si zaidi. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne. Nyumba za kupanga kumi, zina watu zote. Shamba la robo ekari upande wa Thika, lina migomba na kahawa kidogo. Ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Tangi la maji. Mwiko, timazi na jembe la kuchanganyia saruji. Mke mmoja. Hati moja ya ardhi, iliyorekebishwa. Ukuta mpya upande wa kushoto, ambao bado haujapigwa plasta.